Pedi ya ndani imekwisha, ya nje bado nzima: kisa cha breki za nyuma za Forester

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya mwaka 2009, namba ya chesisi inaanza na SH5, injini ya lita 2.0, lililoingia Dar es Salaam likiwa mtumba wa Japani kama mengi ya mtaani kwetu. Nakaa Kigamboni, upande wa baharini. Huku ukisahau sufuria nje wiki mbili unaikuta na kutu, sembuse chuma kinachozunguka kila siku sentimita chache juu ya mchanga. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kushika vitabu vya hesabu. Oili, plagi na chujio nabadilisha mwenyewe, na breki za mbele nimewahi kuzifungua mara moja. Za nyuma sikuwahi kuzigusa mpaka kisa hiki.

Mlio ulianza masika yalipokwisha. Kwenye foleni ya pantoni, kila nikiachia breki na kusogea mita mbili tatu, gurudumu la nyuma kulia lilitoa "kwiii" nyembamba, ya kuudhi, mpaka wauza korosho wakawa wananigeukia. Wiki iliyofuata ule mlio ukaacha wembamba wake, ukawa mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma. Siku hiyo nilipofika ng'ambo nilishuka nikapitisha kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Kushoto vuguvugu. Kulia joto lilinipiga kama mtu aliyefunua chungu, na rimu ilikuwa nyeusi kwa vumbi la breki wakati mwenzake bado ana rangi yake.

Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Pedi za nyuma zilikuwa na miezi minane tu. Zilifungwa na fundi wa gereji ya kando ya barabara niliyokuwa nikiitumia, kijana mwepesi wa mikono, na siku ile alimaliza kazi kabla soda yangu haijaisha. Gari linapofunga breki uzito hulala mbele, kwa hiyo pedi za mbele ndizo huchoka kwanza. Zangu za mbele zilikuwa za zamani kuliko za nyuma na bado zina nyama. Ya nyuma kulia inakwishaje kabla yao?

Nilirudi kwa fundi. Akainama, akachungulia kwenye matundu ya rimu, akasema pedi zimeisha, nilete nyingine. Nikamuuliza kwa nini zimeisha upesi hivyo. "Bosi, pedi za siku hizi ni karatasi." Pengine kuna karatasi sokoni, sikatai. Lakini kushoto alifunga pedi za boksi lilelile na hazikuwa na neno.

Siku ya kufungua

Jumamosi asubuhi nikaamua kufungua nyumbani, chini ya mwembe. Jirani wa nyumba ya pili ni mzee aliyeendesha malori ya Tunduma miaka mingi, na nilijua akiona gari limeinuliwa hatakaa ndani. Hakukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Breki?"

"Breki, mzee. Nyuma kulia."

"Umeweka mawe?"

Nilikuwa nimeweka. Anayefungua breki za nyuma analazimika kuachia hendibreki, na nyuma yote ikiwa juu, kinacholizuia gari lisiondoke ni mawe ya matairi ya mbele peke yake. Weka mbele na nyuma ya tairi, pande zote mbili. Kosa langu lilikuwa jingine: niliweka jeki moja kwa moja juu ya mchanga. Ilipofika nusu ya safari yake mguu mmoja ukaanza kuzama, jeki ikalala taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta. Nikaishusha haraka. Mzee hakusema kitu, alikwenda kwake akarudi na vipande vitatu vya ubao wa inchi mbili, kimoja cha jeki na viwili vya stendi. Baada ya hapo gari lilisimama. Nati za matairi (namba 19) nilizilegeza tairi zikiwa bado chini, maana ukisubiri zining'inie zinazunguka na spana yako.

Niliinua pande zote mbili za nyuma makusudi, nipate kulinganisha. Gia nikaiweka N. Gurudumu la kushoto ukilisukuma linajizungukia. La kulia nusu mzunguko, limegoma.

Tairi lilipotoka nikaiona diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu na kubanwa na pedi. Uso wa nje, ule unaouona ukisimama, ulikuwa mzuri, unang'aa, una mistari midogo ya kawaida. Fundi anayechungulia kwenye matundu ya rimu anaona uso huo tu. Nikaingiza simu nyuma ya diski nikapiga picha yenye taa. Uso wa ndani ulikuwa na mifereji kama sahani ya santuri, na kwenye ukingo kuna kutu lililosimama kama ukuta.

Nilipofungua kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, pedi zikasimulia yaliyobaki. Ya nje ilikuwa na milimita sita za nyama. Ya ndani haikuwa na kitu, bamba lake la chuma ndilo lililokuwa likisugua diski, na kile kibati cha onyo kinachotoa "kwiii" kilikuwa kimelika chenyewe. Yale mabaki ya pedi ya ndani hata hayakulingana: upande wa chini wa bamba ulikuwa umekatika nyama kabisa, upande wa juu una ganda jembamba lililobaki, limekatwa mshazari kama kipande cha muwa.

Kabla sijaendelea: kalipa ikitoka usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Nilifunga yangu kwenye springi kwa waya wa kufungia nondo. Na vumbi lile jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Baadhi ya pedi za zamani na za bei ya kutupa zilitengenezwa kwa asbesto, na boksi halikuambii. Nililowanisha kila kitu kwa maji ya sabuni, nikafuta kwa tambara lililolowa. Beseni nililotumia lilikuwa la kufulia, na kesi yake ilisikilizwa jioni.

Nani mkosaji

Kalipa ya gari hili ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inasukuma pedi ya ndani ibane diski. Pedi ya nje haina wa kuisukuma. Inachofanya kalipa ni kuteleza yenyewe kuelekea ndani, ikiwa juu ya pini mbili, na katika kuteleza huko inaivuta pedi ya nje ije ibane upande wake. Ukiachia, kila kitu kinalegea kidogo sana, unene wa karatasi. Hesabu nzima ya breki hii inasimama juu ya zile pini mbili. Zikiteleza, pedi mbili zinagawana kazi sawasawa. Zikikwama, ya ndani inafanya kazi ya wawili na haipati nafasi ya kurudi nyuma.

Nikiona pedi ya ndani imekwisha na ya nje nzima namshuku pini. Lakini kushuku si kuhukumu, na kwa gurudumu linalogoma kuzunguka walikuwapo washukiwa wanne. Niliwapitia mmojammoja, kwa mpangilio ambao nadhani ndio unaookoa muda.

Wa kwanza ni mpira wa mafuta ya breki. Mpira mzee huweza kuvimba ndani, ukapitisha mafuta unapokanyaga na kuyazuia yasirudi unapoachia. Ili kumjua, kabla sijafungua kalipa nililegeza ile nipo, kichuchu cha kutolea upepo ulio ndani ya mafuta ya breki, nikiwa nimeichomekea kimrija kilichozama kwenye chupa yenye mafuta. Kama kungekuwa na shinikizo lililonaswa, mafuta yangeruka na gurudumu lingelegea. Yalitoka matone mawili ya uvivu, gurudumu likabaki zito vilevile. Mpira hana hatia.

Wa pili ni hendibreki. Forester hii haina hendibreki kwenye kalipa: katikati ya diski ya nyuma kuna kofia, na ndani ya kofia mna viatu vidogo kama vya breki za dramu, vinavyotanuka na kubana kwa ndani. Vikikwama navyo vinazuia gurudumu. Nilipoondoa kalipa, nikaizungusha diski peke yake kwa mkono. Ikazunguka, na kamlio kepesi tu ndani. Hendibreki naye huru.

Wa tatu ni pistoni. Niliweka pedi ya zamani juu yake na kuisukuma kwa klampu ya seremala, polepole. Iliingia laini, bila kushtuka wala kwenda upande, na mpira wake wa vumbi ulikuwa mzima. (Hapa wenye gari jingine wasiniige moja kwa moja. Volkswagen Golf na wenzake, ambao hendibreki yao imo ndani ya kalipa, pistoni ya nyuma inaingia kwa kuzungushwa huku ikisukumwa. Ukiibana kwa klampu tu unaivunja. Na magari yenye hendibreki ya umeme yanataka kwanza yawekwe katika hali ya matengenezo.)

Akabaki wa nne. Pini ya juu niliivuta kwa vidole ikatoka. Ya chini haikutaka hata kuzunguka. Niliishika kwa spana, nikaizungusha mbele na nyuma kwa robo saa, dawa ya kutu kidogo, mapumziko, tena. Ilipotoka ilitoka na sauti ya kizibo cha chupa. Ncha ya pini hiyo ina kimpira kama soksi, kazi yake kuzuia pini isigonge. Kimpira kilikuwa kimevimba, kimekuwa laini na kinene kama tende iliyolala majini, na kilizungukwa na grisi ya kahawia.

Nikamwonyesha mzee. Akaipaka kidole, akanusa.

"Hii grisi ya beringi."

"Mbaya?"

"Kwa beringi nzuri sana."

Mpira unaotumika ndani ya mfumo wa breki ni wa aina inayopatana na mafuta ya breki na haipatani na mafuta ya petroli. Grisi ya kawaida ya beringi asili yake ni petroli. Ukiipaka kwenye pini, siku ya kwanza pini inateleza vizuri kuliko zote, mteja anafurahi. Mpira unaanza kuinywa. Kadiri unavyonywa unavimba, na ulivyokuwa ndani ya tundu jembamba hauna pa kuvimbia isipokuwa kuibana pini. Miezi michache baadaye pini haitelezi tena. Kwa vile iliyokwama kwangu ilikuwa ya chini tu, kalipa ikawa inapinda kidogo, upande wa juu ulio huru ukiteleza na wa chini ukibaki, badala ya kuteleza sawa, na ndiyo maana pedi ilikatwa mshazari, chini zaidi kuliko juu.

Kwa hiyo yule kijana wa gereji alijitahidi. Kulia alipaka grisi. Kushoto nilipofungua nikakuta pini kavu kabisa, hakupaka chochote, pengine grisi ilikwisha kwenye kidole. Na upande uliosahauliwa ndio uliopona. Pedi za kushoto zote mbili zilikuwa na milimita sita, ndani na nje.

Kama ningefuata ushauri wa kuleta pedi nyingine, zingefungwa juu ya pini ileile. Miezi minane mingine, mlio uleule.

Diski iliyong'ang'ania

Diski inashikiliwa na tairi na kalipa tu. Vikitoka hivyo, kwenye picha za vitabu inatoka kwa mikono miwili. Yangu ilikuwa imeoana na habu, kitovu cha gurudumu, kwa kutu la miaka. Niligonga kwa nyundo pembezoni, hakuna. Mzee alitaka niongeze nguvu, nikaogopa beringi.

Tazama uso wa kofia ya diski: kuna matundu mawili yenye meno, hayana bolti. Watu wengi hudhani kuna bolti zilizopotea. Ni ya kutolea diski. Yanaingia bolti za milimita 8, nafasi ya meno 1.25, ambazo nilimtuma mpwa wangu akazinunua duka la vifaa vya ujenzi kwa bei ya maandazi. Unazikaza zote mbili kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, zinaisukuma diski itoke kwenye habu. Zikiwa zimekaza, gonga kidogo kati ya matundu ya bolti za tairi. Kwangu ilikuwa mara ya nne au ya tano: paa! Diski ikaruka mbele, mpwa wangu akaruka nyuma.

Ikiwa bolti zinasukuma na diski inatoka nusu halafu inang'ang'ania, usilazimishe. Hapo kinachoishika ni viatu vya hendibreki vilivyonasa kwenye ukingo wa kutu ndani ya kofia. Kwenye bamba la nyuma kuna tundu lenye kizibo cha mpira. Ukichungulia na tochi unaona kigurudumu cha meno, unakirudisha kwa bisibisi bapa mpaka viatu vijikunje. Ya kushoto ilinidai hivyo. Mwenye kulazimisha hung'oa springi za viatu, na kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Kisha nikapima. Diski mpya ya nyuma ya gari hili ni unene wa milimita 10, na mwisho wa matumizi yake 8.5. Tatizo la kupima diski iliyolika ni ule ukuta wa kutu pembeni: venia, kile kipimo cha unene, inakaa juu ya ukuta na kukupa namba ya uongo, nzuri. Ujanja ni kuweka sarafu mbili za shilingi 100, moja kila upande, ndani ya eneo linalosuguliwa, ukapima vyote pamoja, kisha ukatoa unene wa sarafu ulizozipima mwanzo. Kwenye mifereji yenyewe sarafu inalala juu ya matuta, kwa hiyo matokeo bado yanaipendelea diski. Hata kwa upendeleo huo ya kulia ilisoma 8.1. Ya kushoto 9.0.

Mzee alisema nipeleke kwa watu wa mashine wakaikereze, diski ikae sawa. Kukereza kuna mahali pake, lakini kukereza ni kupunguza, na 8.1 ilikwisha pita chini ya mstari. Diski nyembamba inabeba joto kidogo. Gari la kilo 1,500 likitoka kilomita 80 kwa saa hadi kusimama, nguvu inayogeuka joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji ya bombani, na hiyo ni mara moja tu ya kukanyaga. Mzee mwenyewe anaujua mlima Kitonga na malori yanayoteremka yakifuka moshi magurudumuni, kwa hiyo hapo hatukubishana. Tulibishana juu ya ya kushoto. Yeye aliona 9.0 ni diski nzima, kwa nini nitupe. Mimi nilizibadilisha zote mbili, kwa sababu ekseli moja yenye uso mpya kulia na uso wa kale kushoto inashika bila usawa, na ni heri kulipa dukani kuliko kulipa lami ikiwa na mvua.

Gerezani

Nilivuka hadi mtaa wa Gerezani na diski ya zamani ndani ya salfeti, na nashauri kila mtu avuke nayo hivyo. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani ukisema "Forester ya 2009" utaletewa diski za aina mbili tatu, zote Forester, zote 2009. Muuzaji hana nia mbaya, gari lenyewe lina matoleo. Niliilaza ya zamani juu ya mpya, kingo zikalingana. Nikazisimamisha pamoja kulinganisha kimo cha kofia, nikapima kipenyo cha ndani kwenye viatu vya hendibreki. Ya kwanza niliyopewa ililingana kila mahali ila huko ndani, ilikuwa pana zaidi kwa kiasi cha ukucha. Ingefunga vizuri kabisa na hendibreki isingeshika kamwe.

Pedi nilichukua za bei ya kati. Kila boksi kaunta ile ni "Japani kabisa, bosi", hata lililoandikwa vingine. Pedi za mtumba sinunui: hujui zimewahi kuungua au kulowa mafuta. Kilichonisumbua kupata ni kile cha bei ndogo kuliko vyote, seti ya pini na mipira yake, na grisi ya silikoni. Maduka manne yalinipa grisi ya beringi huku yakiniapia ndiyo hiyohiyo.

Kurudisha

Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu ufungaji wa breki ni ufunguaji uliogeuzwa, ila mahali pachache.

Uso wa habu nilisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Kipande cha kutu kikibaki kati ya habu na diski, diski inakaa imepinda kidogo, na baada ya muda kanyagio linatetemeka mguuni. Diski mpya hupakwa mafuta kiwandani ya kuzuia kutu. Yaoshe kwa dawa ya kusafishia breki kabla pedi hazijagusa. Tundu la pini nililipangusa kwa tambara lililozungushiwa bisibisi nyembamba, mara nyingi, mpaka tambara likatoka jeupe. Grisi ya silikoni kidogo tu, kimpira kipya. Pini nzuri ukiisukuma kwa kidole inaingia, na hewa iliyobanwa ndani inaisukuma irudi kidogo kama inayopumua. Ya kulia ilipofanya hivyo nilimwita mzee aje aone.

Kosa langu la pili lilitokea kwa pistoni ya kushoto. Mwezi mmoja kabla, taa ya onyo ya breki kwenye dashibodi iliwaka nikikata kona, nikafungua bonti, nikaona mafuta ya breki yamepungua, nikaongeza mpaka kwenye alama ya juu. Nilijiona mwenye kujali gari. Kumbe pedi zikiisha pistoni husogea nje, mafuta huyafuata, na kopo linapungua bila kuvuja popote. Sasa niliporudisha pistoni zote mbili yale mafuta yalirudi yalikotoka, yakakuta mahali pamejaa, yakamwagika juu ya rangi. Mafuta ya breki hula rangi. Mpwa wangu alikimbia na ndoo ya maji, tukaosha, pakabaki baka dogo karibu na betri ambalo nitakufa nalo.

Kwa kuwa nipo ya kulia niliilegeza, nilitoa upepo upande ule. "Mjomba, nikanyage?" Kanyaga, shikilia, nalegeza nipo, nafunga, achia. Ukiachia kabla sijafunga, tumevuta hewa na tunaanza upya. Yaliyotoka mwanzo yalikuwa rangi ya chai. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na Dar es Salaam unyevu ni wa bure. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za selsiasi, iliyokunywa maji kiwango chake ni 140 tu. Kifuniko cha kopo ndicho kinachosema utumie ipi.

Viatu vya hendibreki nilivikaza kwa kile kigurudumu mpaka diski ikazuilika, nikakirudisha meno matatu manne, diski ikawa huru. Nati za tairi kwa zamu ya nyota, na spana ya kipimo kwa mara ya mwisho gari likiwa chini.

Mpwa akataka kuliwasha na kulitoa. Nikamzuia mlangoni. Baada ya kusukuma pistoni ndani, kanyagio la kwanza linazama hadi sakafuni na la pili vilevile. Ungejua hilo ukiwa umeshafika kwenye ukuta wa jirani. Nikamwambia apige kanyagio gari likiwa limesimama. La nne likakaza.

Jumapili alfajiri nilitoka njia ya Kimbiji kuzilainisha pedi na diski mpya, zizoeane. Kutoka kama kilomita 50 kwa saa nashuka hadi 10 bila kusimama kabisa, naongeza mwendo, nashuka tena, mara kumi hivi, halafu nikaendesha taratibu bila kugusa breki zipoe. Mara ya saba kulikuwa na harufu ya rangi mpya inayoungua, ikapotea. Niliposhuka nikapitisha kiganja kwenye rimu zote mbili za nyuma. Joto moja.

Miezi mitatu imepita. Nimefungua tena ya kulia kupima: pedi ya ndani na ya nje zimepishana chini ya nusu milimita, na hakuna mshazari. Asubuhi gari likilala nje usiku wa upepo wa bahari, kanyagio la kwanza linakwaruza kidogo. Ni kutu la usiku mmoja juu ya diski, linafutika kabla sijafika barabara kubwa.

Pini ya zamani niliiweka kwenye mfuko wa nailoni nikampelekea yule kijana wa gereji. Sikwenda kugombana. Nilimwekea juu ya benchi pamoja na ile pedi ya mshazari, nikamweleza. Aliigeuzageuza, akakibonyeza kile kimpira kwa ukucha, kikabonyea kama embe bivu. Alitazama kopo la grisi lililokuwa wazi pembeni yake, lile lile la kahawia. Akaniuliza kale katyubu ka silikoni nilikanunua duka gani, na kanatosha magari mangapi.